Mandari ya Vipepeo

Kukaa kitako kulinishinda tangu nikiwa mdogo. Chuoni wenzangu walikuwa wakiyumba na juzuu zao kwa adabu. Mimi niliyumba mpaka mkeka ukahama. Nyumbani nilikuna nazi nusu nimekaa juu ya mbuzi, nusu nimesimama, na tui langu halikukosa chicha kwa sababu nilikuwa nimeshafika uani kabla sijalichuja sawasawa. Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki, na alikuwa na neno lake moja kila siku: "Mwana huyu kaliwa na siafu, n'nakwambieni." Nilimpenda shangazi, lakini neno lile nililichukia, maana lilikuwa kweli.

Mwaka ninaousimulia ulikuwa katika ile miaka ya vita vya Wazungu, mchele ulipokuwa wa mgawo na kanga mpya haionekani hata sikukuu. Nilikuwa darasa la mwisho katika skuli ya wasichana pale Wete. Baada ya darasa lile halikuwapo jingine. Msichana akimaliza hapo huwekwa ndani, haonekani tena nje mchana, mpaka aje mtu wa kumuoa amtoe nyumba hii amtie nyumba ile. Nikilifikiria jambo hilo pumzi zilinikatika. Mimi, niliyeshindwa kukaa juu ya mbuzi ya nazi, nikae ndani miaka!

Upenyo ulikuwa mmoja. Mwalimu wetu alikuwa mwanamke wa Unguja, mwembamba, mkali, anayesema Kiswahili cha vitabu hata akiulizia bei ya samaki. Mwaka ulipokaribia kwisha alituambia kwamba akirudi kwao ameruhusiwa kuchukua msichana mmoja tu akasomee ualimu. Nikaenda moja kwa moja kwa baba, sikungoja hata avue kofia. Baba alikuwa mtu wa karafuu, mcha Mungu, mwenye maneno ya kuhesabika. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwalimu akikuchagua wewe, tutatazama." Kwa baba neno "tutatazama" lilikuwa kubwa. Tangu siku hiyo niliitaka Unguja kuliko nilivyoitaka pepo, na Mungu anisamehe.

Tatizo ni kwamba mwalimu alitaka msichana mtulivu. Alisema mbele ya darasa zima, "Mtu wa kufundisha watoto wadogo ni mtu wa subira. Mwenye miguu ya moto atachoma skuli." Darasa lote liligeuka kunitazama, nami nilikuwa nimesimama, sijui hata nilisimama kwa ajili gani.

Vuli ilipoanza kunyesha na majani kuchipua, vipepeo walitoka kwa wingi mno, wakawa wanapita barabarani juu ya majamvi ya karafuu zilizoanikwa. Mwalimu akaona somo. Akatangaza kuwa siku ya mapumziko tutakwenda Gando, kule pwani ambako vichaka vinakutana na mikoko, kuwatazama. Hatutawakamata, alisema, wala hatutawaua. Tutakaa kimya tuwatazame wanavyokula na wanavyotua, kisha kila mmoja aeleze alichokiona. Nikajua papo hapo kwamba huo ndio mtihani.

Mjini habari ile haikueleweka. Nani aende mpaka Gando kumtazama kipepeo? Kipepeo huja mwenyewe mpaka ndani ya nyumba, watu wakasema leo tutapata mgeni, yakaisha. Kinamama walishauriana wakafikia uamuzi wao: mwalimu anataka kuwapeleka watoto mandari, wakale na kucheza nje ya mji, ila anaona haya kusema. Na mandari, Pemba, ina taratibu zake. Kwa kuwa wali haukupatikana, walichemsha muhogo kwa tui, wakapika pweza, wakatengeneza mikate ya ajemi kwa unga uliofichwa sijui wapi. Likatafutwa gari la ng'ombe la kubebea vyungu. Zikatafutwa ngoma. Usiku wa kuamkia safari, nguo zetu zote zilitandazwa juu ya tege, kile kichanja cha kufukizia nguo, zikafukizwa udi.

Shangazi alipanda gari la ng'ombe pamoja na vyungu. Baba alikuwa ametoa ruhusa kwa sharti kwamba yeye atufuate, na shangazi hakuwa mtu wa kufuata kwa miguu. Pembeni yake alikaa mama mmoja wa makamo nisiyemjua, mnene wa wastani, mwenye kipini cha dhahabu puani na macho yasiyo na haraka. "Shoga yangu wa Chake Chake," shangazi alisema. "Kaja kunitembelea." Nilimwamkia shikamoo, nikambusu mkono, naye akaushika wangu muda mrefu kidogo kuliko inavyohitajika. Niliona ananitazama miguu. Nilidhani nimekanyaga kinyesi.

Sisi tulitembea nyuma ya gari, mabuibui yametufunika, tunaimba. Mimi nilitangulia, nikarudi, nikatangulia tena. Rafiki yangu, ambaye tulikaa benchi moja tangu darasa la kwanza, aliniambia nimeshakwenda Gando mara mbili na wenzangu hawajafika hata mara moja. Siku hiyo hakuwa na raha. Kila nikimtazama alikuwa ananitazama, na nikimuuliza ana nini anasema kiatu kinambana.

Mahali penyewe palikuwa mteremko wa mchanga wenye mibibo ya korosho iliyotawanyika, na chini yake mikoko na matope, maji yakiwa yamekupwa. Mabibo mekundu na ya njano yalikuwa yamedondoka, yamelala chini yanachacha, na harufu yake ilikuwa kali mpaka machoni. Vipepeo walikuwa wamejaa juu yake. Nasema wamejaa: weupe, wa njano, wadogo wa kibuluu, na wale wanene wa kahawia walioshindwa hata kuruka vizuri. Shangazi aliwatazama kutoka juu ya gari akasema, "Astaghfirullah, vilevi hivi!"

Kisha mmoja wetu akapiga ngoma, wengine wakapiga vigelegele kwa kufika salama, na vipepeo wote wakaondoka.

Uso wa mwalimu sijausahau. Alingoja ngoma inyamaze, akaichukua mwenyewe akaitia ndani ya gari chini ya majani ya ng'ombe. Akatukalisha chini ya mibibo. Tukangoja. Hakurudi kipepeo hata mmoja. Mwalimu akainama kwa msichana wa karibu, akanusa bega lake, akafumba macho.

"Nyinyi mmekuja kutazama vipepeo," aliuliza, "au mmekuja kumtoa bibi harusi?"

"Mwalimu, mie sipeleki wana wa watu porini wanuke jasho," shangazi alijibu kutoka kwenye gari, wala hakutania.

Mwanamume hakuwapo hata wa dawa, dereva wa gari alikuwa amekwenda kwa jamaa zake kijijini, kwa hiyo mwalimu alituamuru tuvue mabuibui tuyatundike mbali, upande unakoelekea upepo. Tukabaki na magauni yetu na vichwa wazi, tunacheka kwa aibu. Yule mama wa Chake Chake akashuka garini sasa, akaja akakaa juu ya kanga karibu yangu. Alisema kule juu jua linamchoma.

Mwalimu alitupa bibo moja moja lililoiva sana. Akasema tuliponde kiganjani, maji yake yatutiririke mkononi, tuweke mikono juu ya magoti na tusitikisike. Anayetaka kipepeo aje kwake, alisema, ajifanye mti. Akasimama pembeni, mikono nyuma, na nikaona kuwa jicho lake moja lilikuwa kwangu.

Ewe Mola! Kwanza walikuja usubi. Anayejua pwani ya mikoko anawajua usubi, wadudu wasioonekana wenye meno ya papa. Walianza vifundoni wakapanda. Msichana wa kwanza alijipiga kofi akatolewa. Wa pili alipiga chafya. Wawili walitazamana wakacheka, wakatolewa pamoja. Maji ya bibo yalinikauka mkononi yakawa yananivuta ngozi. Siafu wa shangazi wakaamka, wale wa ndani ya damu. Miguu yangu ilinililia. Goti la kushoto lilianza kutetemeka kwa ndani, nikalishika kwa nia tu, kwa maana mikono sikuruhusiwa kuitumia. Nilijisemea: Unguja. Kila nikitaka kujikuna nasema Unguja. Nilisoma kila sura niliyohifadhi, na zilipokwisha nikarudia jedwali la mara saba.

Ndipo akaja. Alikuwa mmoja wa wale wanene wa kahawia, kila bawa lina vijimkia viwili, na kifua chake kina manyoya. Alizunguka kichwa changu, akagusa sikio, akatua juu ya kifundo cha mkono wangu. Alikuwa mzito. Sikutegemea uzito. Akakunjua ulimi wake, mrefu, mwembamba, akaanza kuupapasia kwenye ngozi yangu, hapa na pale, anatafuta utamu wa bibo na chumvi ya jasho langu. Niliona macho yake yana madoa. Niliona kwamba chini ya mabawa, upande ambao hauonekani akiwa anaruka, amechorwa mistari ya fedha na nyeusi na rangi ya udongo. Nilikuwa nimewaona vipepeo maisha yangu yote na sikujua hata moja katika hayo. Miguu haikuacha kulia, lakini macho yalikuwa yanakimbia kwa niaba yake. Nilifurahi. Nasema wazi, nilifurahi kama sijapata kufurahi.

Mwalimu alikuwa ametabasamu. Mwalimu hakuwa mtu wa kutabasamu.

Rafiki yangu alikuwa nyuma ya bega langu la kulia. Nilisikia pumzi zake. "Usigeuke," alinong'ona. "Nimeapishwa nisiseme, lakini roho yanishinda. Yule mama hakuja kumtembelea shangazi yako. Kaja kukutazama wewe. Anamwozea mwanawe. Shangazi yako ndiye aliyemwita."

Nikamtazama yule mama kwa pembe ya jicho. Alikuwa ananitazama waziwazi sasa, naye alikuwa ameiona midomo ya rafiki yangu na sikio langu. Macho yake yalisema yanajua nilichoambiwa. Akangoja.

Nililijua la kufanya. Mtu aliyekuja kutafuta mke kwa mwanawe anatafuta mwari mpole, anayetembea bila kuinua vumbi. Ningeruka pale pale nikapiga ukelele, nikapandisha gauni mapajani, nikakimbia matopeni mpaka kwenye mikoko, nikarudi nimechafuka mpaka utosini. Mama yule angerudi kwao Chake siku hiyo hiyo. Damu yangu yote ilitaka hivyo, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu utukutu ungekuwa na maana.

Lakini kipepeo alikuwa mkononi. Na mwalimu alikuwa anatazama. Nikiruka, Unguja inaruka nami.

Sikuruka. Nilikaa. Nikakaza macho juu ya yale mabawa, na usubi wakanila wapendavyo. Alipotosheka mwenyewe aliondoka, akaenda akipepesuka mpaka kwenye bibo jingine, na mwalimu akapiga makofi taratibu.

Wakati wa kula yule mama aliniomba nimmiminie maji anawe. Aliutazama mkono wangu ulivyovimba vipele tangu kiganja mpaka kiwiko. "Na hukujikuna," alisema. "Mashaallah." Muhogo wangu nilimpa rafiki yangu. Mwalimu naye alimwambia shangazi mbele ya wote kwamba amekwishapata mtu wake na kwamba wiki ile ile atakwenda kumwona baba. Shangazi alimkaribisha mkate wa ajemi.

Njiani kurudi sikutangulia wala sikurudi nyuma. Wenzangu waliniuliza kama naumwa.

Mwalimu alikuja kwa baba kama alivyoahidi. Baba alimsikiliza, akamshukuru, akasema atatazama. Siku ya pili yake wakaja watu wa Chake Chake, wazee waliovaa kanzu zao za Ijumaa, na posa yao. Nilikuwa jikoni nachambua karafuu, natenga makonyo, vile vijiti vyake, upande mmoja, na shangazi akaingia amejaa furaha mpaka anatweta.

"Mambo yamekwisha, mwanangu," alisema. "Na baba yako hana la kusema, maana wewe mwenyewe umesharidhia."

"Nimeridhia nini?"

"Mama mtu kasema. Kasema uliambiwa pale pale mbele yake, akaona kwa macho yake unaambiwa, na wewe ukanyamaa. Hukunyanyuka, hukulia, hukukunja uso. Kanyamaa kimya, kasema, mwari mwenye adabu zake."

Kwetu mwari haulizwi akajibu "naam". Akiulizwa habari ya posa huinamisha kichwa, na kunyamaza kwake ndiyo idhini yake. Kila msichana anajua hilo kabla hajajua kujifunga kanga. Nilijua pia. Ila sikuwaza kwamba mtu anaweza kuulizwa ilhali kipepeo yuko mkononi mwake. Maisha yangu yote nilikuwa mtu wa kelele, nimenyamaza mara moja tu, na mara hiyo moja imenitia kwenye nyumba ya watu nisiowajua! Nilisimama, karafuu zikamwagika kwenye makonyo, kazi ya asubuhi nzima. Nilimwambia shangazi maneno ambayo mtoto hamwambii mkubwa wake. Naye alilia, nikalia, kila mtu kwa hasira yake.

Aliyeniokoa ni uchaji wa baba. Wale wazee walitaka siku ipangwe, na baba akakataa. Nilimsikia kutoka nyuma ya ukuta. "Idhini hutolewa mbele ya mashahidi," alisema, "si mbele ya mabibo. Nitamuuliza mwenyewe."

Alikuja baada ya sala ya alasiri. Nilikuwa chumbani nimekalishwa juu ya mkeka, nimefunikwa kanga mpya, ambayo nilishangaa imetoka wapi. Shangazi alikuwa kando yangu ameweka mkono wake juu ya goti langu, akinikandamiza nisitikisike. Baba alisimama upande wa pili wa pazia na wazee wawili wa mtaani. Akasoma alichosoma. Akataja jina la kijana na ukoo wake na mahari yake. Kisha akaniuliza kama nimeridhika.

Wakangoja kimya changu. Walikingoja kwa raha kabisa, mmoja alikuwa ameshaanza kukohoa kwa kujitayarisha kuondoka. Na mimi, Mungu ni shahidi, sauti haikutoka. Mimi niliyeweza kusema na ng'ombe, na ukuta, na maiti! Nilijua kila pumzi inayopita inahesabiwa kuwa ni ndiyo. Niliisikia ndiyo inakua mle chumbani. Goti langu likaanza kutetemeka chini ya mkono wa shangazi, akakandamiza zaidi, na nadhani ni goti lile lililonisaidia, maana nilisimama ghafla bila kujijua na sauti ikaja pamoja na kusimama.

"Sitaki," nilisema. "Baba, sitaki. Siku ile nilinyamaza kwa ajili ya skuli."

Shangazi aliniangukia miguuni. Kisha nikamsikia baba anawaambia wale wazee, kwa sauti yake ile ile ya kila siku, "Mmesikia." Wakatoka. Hawakunywa hata kahawa.

Tangu hapo baba hakunisemesha. Hakunipiga, hakunigombeza, hakuninyima chakula. Aliacha tu kunisemesha. Aibu aliyoipata mjini ilikuwa kubwa, na nilimhurumia, lakini sikujuta. Nilimpikia, akala. Nilimpa maji ya udhu, akapokea. Posa ilirudishwa Chake Chake na shangazi akalala kitandani kwa maumivu ya kichwa. Mimi nikawa nazunguka uani kutwa nzima, kutoka kisimani mpaka mlangoni, kutoka mlangoni mpaka kisimani, kwa sababu neno la Unguja lilibaki pale pale lilipokuwa: tutatazama. Na asiyesema nawe utamuuliza vipi kama ameshatazama?

Mwalimu akaleta habari kwamba meli inaondoka kesho yake asubuhi, na kama mimi siendi aambiwe jioni ile ile, achukue mwingine.

Nikamfuata baba barabarani. Alikuwa amechuchumaa kwenye jamvi lake, anageuza karafuu kwa kiganja ili jua la mwisho lizipate upande wa chini. Nilisimama mbele yake, nikajizuia nisitikise miguu.

"Baba," nilisema, "mwalimu anangoja jibu. Niende?"

Hakuinua kichwa. Aligeuza mstari mmoja wa karafuu, akaanza wa pili. Nikangoja, kama wazee wale walivyoningoja mimi. Alimaliza wa pili. Alikuwa na ulimi, alijua neno "hapana", na alikuwa na nafasi ya kulisema mara mia. Mstari wa tatu aliugeuza polepole zaidi, na bado hakusema.

Shangazi alikuwa ameamka, amesimama mlangoni na kitambaa chake kichwani. Nilipompita alinishika mkono. "Kasemaje babako?"

"Kanyamaa," nilimjibu, nikaingia ndani kufunga nguo zangu.